Kikundi Kinakutana Uwanjani mwa Kanisa, Nami ni Mwislamu: Je, Niende?

Ndugu Mshauri,

Asalamu alaykum. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, mzaliwa wa Malindi, na kazi yangu ni unahodha wa boti ya kupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari. Nina mke na watoto watatu.

Nilianza kunywa nikiwa kijana wa hotelini, bia moja baada ya kazi, nikijiambia kwamba ni sehemu ya kuwapendeza wateja. Msimu wa kaskazi, wageni wanapokuwa wengi, niliweza kujizuia kwa sababu kazi ilinishika tangu alfajiri. Taabu ilikuwa kusi, bahari inapochafuka na boti zikapandishwa pwani, mtu akakaa kutwa bila shughuli, na mangwe, vile vilabu vya mnazi, ziko karibu. Nikatoka kwenye bia nikaingia kwenye mnazi, na kutoka kwenye mnazi nikaingia kwenye vile vichupa vya pombe kali ambavyo mtu huvitia mfukoni. Sasa misimu haina tofauti tena. Asubuhi mikono hunitetemeka nisiweze kushika kikombe cha chai, wala haitulii mpaka nimeze funda mbili tatu, na baada ya hapo ndipo ninapokwenda kazini.

Ramadhani iliyopita niliazimia kuacha. Siku ya kwanza ya mfungo nilitokwa na jasho jingi na moyo ukanienda mbio. Usiku wa tatu niliona watu wamesimama chumbani, watu ambao hawakuwapo, nikawa nazungumza nao. Mke wangu aliogopa, akamwita mzee mmoja akanisomea, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba nimepandwa na jini. Nilipopata nafuu nilikunywa tena kwa siri, kwa hofu tu ya kurudi katika hali ile.

Mwenzangu mmoja wa kazi, Mkristo anayekaa mtaa wa Kisumu Ndogo hapa Malindi, aliacha pombe na hajaigusa kwa muda mrefu. Ananiambia kwamba alisaidiwa na kikundi cha watu wanaofuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous, ambacho hukutana kila Jumamosi jioni katika chumba kilichomo uwanjani mwa kanisa. Amenialika, nami nimekuwa nikitafuta sababu za kutokwenda, na sababu ninazo. Mkwe wangu ni mzee wa msikiti. Nikionekana naingia kanisani nitasema nini? Tena nimesikia kwamba huko mtu husimama mbele ya watu akakiri ulevi wake, ilhali sisi tumefundishwa kwamba aliyesitiriwa na Mola wake asijifichue mwenyewe. Sijui kama kuna ada. Sijui kama watanikubali nikiwa bado nakunywa. Wenzangu wa baraza wananishauri niache vichupa nibaki na mnazi mtamu, kwa kuwa wao wanasema huo si pombe. Na mke wangu ameambiwa na jirani kwamba kuna unga wa kuacha pombe ambao mtu hutiliwa kwenye chai bila kujua. Ameniuliza, badala ya kunitilia, na kwa hilo namshukuru.

Nataka kuacha. Naomba uniambie la kufanya bila kunipamba.

Nahodha, Malindi

*

Wa alaykum salaam, nahodha.

Swali lako la kanisa nitalijibu kwa urefu, lakini nitaanza na jambo ambalo wewe umelipita haraka, nalo ni zile siku za Ramadhani. Mtu ambaye mwili wake umezoea pombe kila siku kwa miaka, akiikata ghafla, huanza kutetemeka, kutokwa na jasho, kukosa usingizi na kwenda mbio moyo baina ya saa 6 na saa 24 baada ya funda la mwisho. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kwa degedege hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake. Kisha, baina ya siku ya pili na ya nne, baadhi yao huchanganyikiwa, hupandwa na homa, na huona na kusikia visivyokuwapo. Hali hiyo huweza kuua isipotibiwa. Uliyoyaona usiku wa tatu yanaingia katika maelezo hayo barabara. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo nao hujizoesha kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kushindana na utulizo huo. Pombe ikiondolewa ghafla, nguvu ile hubaki bila cha kuizuia. Simkatazi mtu kusomewa Kurani akiwa mgonjwa. Nasema tu kwamba kisomo kingefaa kisomwe ukiwa njiani kwenda hospitali.

Kwa hiyo mara hii usiache peke yako nyumbani. Nenda kwenye hospitali ya serikali mjini Malindi, uombe kuonana na daktari au mhudumu wa afya ya akili, na umweleze waziwazi unakunywa nini na kiasi gani kwa siku, kwamba unaanza asubuhi, na yaliyokupata Ramadhani. Usipunguze hesabu kwa kuona haya, kwa maana dawa ya kukuvusha, ambayo mara nyingi huwa diazepam ya siku chache chini ya uangalizi, hupimwa kwa kuangalia hesabu hiyo. Utapewa pia vitamini B1, nayo usiidharau, kwa sababu wanywaji wa muda mrefu huikosa mwilini na upungufu wake huweza kuharibu kumbukumbu kwa namna isiyorudi. Mpaka siku hiyo ya kuonana na daktari, usikate ghafla. Najua ni ajabu kwa mshauri kumwandikia Mwislamu maneno hayo, lakini uhai hutangulia, na siku ya kuonana na daktari inaweza kuwa kesho. Dalili zile zikianza kabla hujafika, mke wako akupeleke usiku huohuo, asingoje kupambazuke.

Huenda hospitalini ukakuta watu wanaosubiri methadoni, kwa kuwa huduma hiyo ilianzishwa Malindi mwaka 2015. Hiyo ni ya waliozoea heroini, haitibu ulevi wa pombe, basi usishangae ukielekezwa mlango mwingine. Nalitaja hili kwa sababu mji wetu una historia ndefu ya kuwahudumia watumiaji wa unga, yaani heroini hiyo, tangu Omari Project ilipoanza katika miaka ya 1990, na wengi wakisikia habari ya kikundi cha kuacha hudhani moja kwa moja kwamba ni cha unga. Mnywaji wa pombe, tena mwenye kazi na familia, hujiona kwamba hapo si mahali pake.

Kuhusu boti, sitakuwa na maneno mengi. Unapeleka watu baharini, pamoja na watoto wa watu, ukiwa umekunywa ili mikono itulie. Kuanzia leo mwombe mwenzako ashike usukani, na wewe ufanye kazi ya nchi kavu au upumzike. Na utakapokuwa unatumia dawa za hospitali vilevile usiendeshe, kwa sababu zinaleta usingizi. Mwenye boti unaweza kumwambia kwamba u mgonjwa na unatibiwa, na huo utakuwa ukweli mtupu.

Sasa tuje kwenye kikundi. Ili nikueleze kwa nini nataka uende, sina budi kukurudisha kwenye chanzo chake. Mwaka 1935, mfanyabiashara mmoja wa New York, ambaye hujulikana kwa jina la Bill W., alikuwa safarini katika mji wa Akron, jimbo la Ohio huko Marekani. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, biashara iliyompeleka ikaharibika, na jioni akajikuta peke yake kwenye ukumbi wa hoteli huku akisikia sauti za watu baani. Alielewa kwamba akiachwa na nafsi yake ataingia. Akaenda kwenye simu akaanza kupiga huku na huku, akiomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hatimaye alikutanishwa na daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa karibu kummaliza, Dr. Bob. Wawili hao walizungumza kwa saa kadhaa, na tarehe ambayo Dr. Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, au AA kama wengi wanavyoiita. Inasimuliwa kwamba asubuhi hiyo alikuwa na mgonjwa wa kumpasua, na mikono yake ikitetemeka kama ya kwako, hata mwenzake akampa bia moja ili itulie. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Zingatia alichokitafuta yule mtu kwenye simu. Hakukosa wa kumuusia. Jamaa zake walikuwa wamemuusia miaka mingi, kama bila shaka na wako walivyokufanyia. Alimtaka mtu ambaye hangelazimika kuelezwa, mtu aliyewahi kuficha chupa na kusema uongo kwa uso mkavu. Mpaka leo hicho ndicho ambacho chumba kile cha Jumamosi kinakupa na ambacho mimi, kwa barua zangu zote, siwezi kukupa. Na tusidhani kwamba ni faraja tu. Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane ilichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha washiriki 10,565, na yakaonyesha kwamba utaratibu wa AA na tiba zinazomwelekeza mtu huko, katika kumfanya abaki bila pombe kabisa, hufanya vizuri angalau sawa na tiba nyingine zilizozoeleka za kisaikolojia, na mara nyingi kuzishinda.

Je, ni kanisa? Chumba ni cha kanisa, lakini kikundi si cha kanisa. Vikundi vya AA duniani kote hukutana panapopatikana nafasi ya bei nafuu, na wenye nafasi za namna hiyo mara nyingi ni makanisa, shule na zahanati. Kanuni zao zenyewe hukataza kikundi kujifunga na dhehebu lolote, chama cha siasa au shirika jingine. Wanazo hatua 12, na ndani ya hatua hizo Mungu anatajwa, tena kwa maneno ya kusema kila mtu kwa kadiri anavyomwelewa. Mwislamu aingiaye pale huingia na Mola wake. Wapo waliokutangulia: mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore, Marekani, walianzisha jumuiya yao iitwayo Millati Islami, wakazichukua hatua zilezile 12 na kuzieleza kwa msingi wa Uislamu, na Iran ni miongoni mwa nchi zenye mikutano mingi zaidi duniani ya Narcotics Anonymous, jumuiya dada ya wale walioacha mihadarati. Mahali pamoja tu panahitaji uangalifu. Mikutano mingi hufungwa kwa dua fupi ya kuomba utulivu, ujasiri na hekima, ambayo sioni Mwislamu atakayeikataa. Lakini vikundi vingine huongeza sala ya Kikristo. Ikitokea hivyo, nyamaza au omba dua yako moyoni. Hakuna atakayekuuliza, na akikuuliza mtu, mwambie mimi ni Mwislamu, yaishe.

Shaka yako ya kukiri ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Kwanza nikuondolee lile la kusimama: hakuna anayelazimishwa kusimama wala kusema. Zamu ikikufikia unaweza kutamka, “Leo nasikiliza tu,” nao wataendelea kwa anayefuata. Jina unataja la kwanza peke yake, au lolote utakalo kuitwa. Hata hivyo nisikufiche kwamba, huko mbele, hatua ya tano humtaka mtu aeleze makosa yake kwa Mungu, kwa nafsi yake na kwa binadamu mwingine mmoja. Binadamu huyo unamchagua wewe, wakati unauchagua wewe, na wapo wanaokaa miezi mingi kabla ya kuifikia. Mimi si shehe, na hukumu ya dini utaitaka kwa wenye elimu. Nionavyo ni kwamba kumweleza tabibu donda lako ili akutibu hakufanani na kujigamba barazani kwa uliyoyafanya usiku, na hata wanazuoni hulitenga jambo la mtu kutaka ushauri na tiba. Tafuta shehe mwenye hekima, asiyekuwa wa msikiti wa mkwe wako, umuulize hivi: nina maradhi ya ulevi, wagonjwa wenzangu hukutana kusaidiana, je, nikae nao? Ukiliweka swali hivyo, sidhani kwamba utarudi na jibu la kukuzuia.

Ama kuonekana, siwezi kukuahidi kwamba hutaonekana. Malindi ni mji ambao mtu akinunua samaki sokoni asubuhi, adhuhuri jirani anajua ni changu au ni tafi. Desturi ya AA ni kwamba anayeonwa pale na linalosemwa pale hubaki palepale, na desturi hiyo hushikwa kwa nguvu kwa sababu kila aliyemo chumbani ana siri ileile ya kulinda. Lakini ni desturi, haina askari. Uwanja wa kanisa huwa na shughuli nyingi, kuna chama cha akina mama, kuna mafunzo ya ushonaji, na mtu kupita langoni saa kumi na moja jioni akiwa na mwenzake wa kazi haimaanishi lolote kwa mpita njia. Na uniwie radhi kwa neno hili: harufu ya vichupa haifunikwi na karafuu. Mkwe wako yaelekea anajua kuliko unavyodhani, na ananyamaza kwa ajili ya binti yake. Unayemwogopa asijue kwamba unatibiwa ni mtu ambaye huenda anaomba dua usiku utibiwe.

Ikiwa hata baada ya haya miguu inakataa, zipo njia mbili za kuanzia. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na mihadarati, hupigwa bila malipo, na anayepokea anaweza kuzungumza nawe kama mshauri na kukuelekeza kwenye huduma za karibu. Njia nyingine ni mikutano ya simu na ya mtandaoni, ambayo iliongezeka sana tangu mwaka 2020 na ambayo unaweza kuifuata ukiwa umekaa ndani ya boti na kisikizi sikioni. Wapo pia wanaopanda matatu wakaenda Kilifi au Mombasa ili wawe mbali na macho ya mtaani kwao. Lakini Mombasa ni kiasi cha kilomita 120, nauli inauma, na mtu anayeanza huhitaji mahali anapoweza kufika hata siku asiyotaka. Kwa hiyo nakupendelea kile chumba cha Jumamosi.

Uliuliza kama watakukubali ukiwa bado unakunywa. Sharti la uanachama ni moja tu, nalo ni kutaka kuacha, na wewe umeliandika mwenyewe katika mstari wa mwisho wa barua yako. Hata mtu akifika na harufu hafukuzwi, ila huombwa akae asikilize bila kuzungumza siku hiyo. Ada hakuna. Mwishoni hupitishwa kikapu kwa ajili ya kodi ya chumba na majani ya chai, na mgeni hata akikipitisha kitupu hatazamwi. Mkutano huchukua saa moja au moja na nusu. Mmoja hueleza alivyokuwa, kilichotokea na alivyo sasa, kisha wengine huchangia kwa zamu, bila mtu kumkatiza mwenzake wala kumshauri. Hilo la mwisho litakushangaza, wewe uliyezoea mabaraza ambapo kila mtu ni mshauri. Kuna mikutano ya wazi, ambayo hata mke au rafiki anaweza kuhudhuria, na kuna ya faragha ya wenye tatizo wenyewe tu. Mwulize mwenzako hiyo ya Jumamosi ni ipi.

Nakusihi pia uwe na jicho. Kwa kuwa shida hii ni kubwa, pwani yetu na Kenya kwa jumla haikosi wanaoifanyia biashara. Kikundi kinachotaka malipo ya kujiunga, kinachokuuzia dawa, kinachokuahidi kupona kwa siku kadhaa au kinachokutaka ubadilishe dini, hicho si AA, hata kikijiita hivyo. Na ukishauriwa kulazwa katika nyumba ya marekebisho, ambayo ni jambo tofauti na kikundi na huwa na gharama, uliza kwanza kama imeidhinishwa na NACADA, na umwombe daktari wako akuambie kama kweli unahitaji kulazwa.

Mwambie mke wako kwamba ule unga ameukwepa vizuri. Baadhi ya dawa zinazouzwa kwa namna hiyo zina disulfiramu au vitu vya namna yake. Disulfiramu ni dawa ya kweli ambayo madaktari huitumia kwa mgonjwa aliyekubali na aliyekwisha acha kunywa. Anayeinywa bila kujua kisha akaongeza pombe juu yake anaweza kutapika vibaya, kushukwa na presha na hata kufa. Mpe barua hii aisome. Yeye naye amebeba mengi, ya kukufunika kwa baba yake na kuhesabu vichupa mfukoni mwa suruali, wala kazi ya kukulinda usinywe si yake. Tangu mwaka 1951 ipo jumuiya ya jamaa za wanywaji iitwayo Al-Anon, ambayo nayo ina mikutano ya mtandaoni, na mwanamke anaweza kuhudhuria hata kama mumewe hajaacha.

Wenzako wa baraza nitawajibu kwa ufupi. Mnazi huanza kuchacha ukingali ndani ya kibuyu juu ya mti, na baada ya saa chache tu una pombe ya kutosha kukurudisha ulikotoka. Mgema yeyote atakuambia kwamba mtamu wa asubuhi ndio mkali wa jioni. Kwa mtu mwenye mwili kama wako kwa sasa hakuna mnazi mtamu. Muguka nao, yale majani ya kutafuna, usiufanye badala, kama vijana wengi wanavyofanya, maana utakunyima usingizi wakati ambao usingizi ndio dawa yako, na utakuweka palepale kijiweni na watu walewale.

Ninalolihofia zaidi kwako ni kusi. Wanaoanza AA katika miji mikubwa huhimizwa wahudhurie mikutano 90 katika siku 90, na Malindi, kwa mkutano mmoja wa juma, hilo haliwezekani. Zile siku sita zilizobaki ndizo zitakazokujaribu, hasa alasiri, saa ambazo boti zimekwisha fungwa na miguu inajua yenyewe inakokwenda. Zipangie saa hizo jambo kabla hazijafika: mkutano wa simu, darasa la mtoto, kukarabati boti pamoja na yule mwenzako wa Kisumu Ndogo. Katika AA mgeni huchagua mtu mmoja mzoefu awe mlezi wake, wa kumpigia simu kabla ya kunywa badala ya baada ya kunywa, na kwa jinsi ulivyomweleza, huyo mwenzako anaweza kukufaa kwa kuanzia. Kanuni zao za awali zilisema kwamba walevi wawili au watatu wakikutana kwa nia ya kuacha wanaweza kujiita kikundi cha AA, mradi hawakujifunga na jambo jingine. Basi mkiketi wawili chini ya mkungu siku ya Jumanne mkazungumza ukweli, mmefanya mkutano.

Ukianguka katikati ya njia, rudi Jumamosi hiyohiyo. Chumba hicho kimejaa watu walioanguka. Ila kama umekunywa kwa siku nyingi mfululizo, pitia hospitali kwanza kama mara ya kwanza, wala usijaribu kukata mwenyewe tena.

Mpigie mwenzako leo umwambie kwamba hospitali ni kesho na kikundi ni Jumamosi ya kwanza ambayo daktari atakuruhusu, na umwombe mwingie pamoja. Mkifika dakika kumi mapema utapata kiti utakacho, na mkutano ukimalizika usiondoke mbio, kwa sababu watu hubaki wakinywa chai na hapo ndipo mgeni hupewa namba za simu. Chukua mbili, za wanaume, na umpigie mmojawapo Jumapili alasiri, hata kama huna la kumwambia.